Uzi maalumu: Kuzuia maegesho siku ya kufagia barabara za mtaa, hesabu, vibao, ratiba na yanayokwamisha

Ukingo_Safi (mwanzisha uzi)

Wadau, kamati nyingi za mtaa huanza kwa kuagiza vibao vya "Usiegeshe hapa", kisha ndipo zinauliza mashine ya kufagia itapita saa ngapi. Kuanza hivyo ni kutafuta ugomvi na wakazi. Naomba uzi huu uwe wa vipimo, ili anayepanga mtaani kwake apate pa kuanzia.

Kwa nini magari yaondoke? Uchafu wa barabarani haukai katikati. Magurudumu yanaupeperusha pembeni, na mvua ikifuata mteremko wa lami inaumalizia. Vipimo vilivyofanyika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya uchafu hulala ndani ya mita 1 kutoka kwenye ukingo wa zege. Mita hiyo ndiyo gari lililoegeshwa linaikalia. Mashine ikipita nje ya magari inafagia lami ambayo ilikuwa safi tangu mwanzo.

Halafu gari moja haliharibu urefu wake tu. Chukua gari la mita 4.5. Dereva wa mashine lazima aanze kutoka nje mita 3 au 4 kabla ya bampa, na akishalipita anahitaji mita nyingine 4 au 5 kuirudisha brashi ya pembeni hadi iguse ukingo. Jumla ni kama mita 12.5 ambazo hazikufagiwa. Sasa magari matano yaliyotawanyika kwenye mita 100, kila moja mbali na mwenzake, yanakula zaidi ya mita 60. Matano hayohayo yakiwa yamepangana kwa karibu yanakula mita 35 hivi. Ndiyo maana mtaa wenye "magari machache tu" bado unabaki mchafu: yale machache yametawanyika.

Wenye uzoefu wa ratiba, vibao na mashine zenyewe, karibuni.

---

Mpima_Njia

Nianze na hesabu ya muda, kwa sababu hapo ndipo wengi wanabahatisha.

Pima urefu wa ukingo, usipime urefu wa barabara. Barabara ya mita 300 ina mita 600 za ukingo. Tuseme mtaa una barabara 12 za mita 300: hizo ni kilometa 7.2 za ukingo. Mkigawa kwa pande, kila upande ni kilometa 3.6.

Mashine inayofagia vizuri inakwenda kilometa 5 hadi 8 kwa saa, si zaidi. Kwa kilometa 6 kwa saa, upande mmoja ungeisha kwa dakika 36. Usiipeleke hesabu hiyo kwenye kibao! Kuna kugeuza, kuna kutoka barabara moja kwenda nyingine brashi zikiwa juu, kuna kujaza maji, kuna kwenda kumwaga. Kwa makadirio ya kupangia chukua nusu ya kasi hiyo, yaani kilometa 3 za ukingo kwa saa. Kilometa 3.6 zinakuwa saa 1 na dakika 12. Muda wa saa 2 unatosha na unabaki na akiba ya dakika 48.

Njia ninayoipendelea ni kugawa zile barabara 12 kwenye makundi mawili ya sita. Kila kundi ni kilometa 1.8, dakika 36 za kazi ndani ya saa 1 ya marufuku. Mkazi anaondoa gari kwa saa moja badala ya mbili, na utiifu unapanda kwa sababu hiyo peke yake. Gharama yake ni kwamba akiba ni dakika 24 tu, hivyo mashine ikichelewa kundi la kwanza, la pili linaathirika. Weka nusu saa tupu kati ya makundi.

Kingine: marufuku ianze dakika 15 kabla mashine haijafika. Katika dakika hizo msimamizi anapita kwa miguu na kugonga milango. Marufuku ikianza sambamba na mashine, gari la kwanza barabarani litakuwa bado lipo kila wiki.

---

Mkazi_wa_Kona

Swali la haraka. Mashine ikishapita mbele ya nyumba yangu, naruhusiwa kurudisha gari au nisubiri saa ya kwenye kibao iishe?

---

Mpima_Njia

Inategemea kanuni ya mji wako, na iandikwe wazi isibaki ya kusikia. San Francisco wanaruhusu kurudi mashine ikishapita. New York, ambako mfumo wa kupokezana pande za barabara ulianza mwaka 1950, saa za kwenye kibao zinasimama hadi mwisho hata kama mashine imeshapita.

Mkiwa na mashine inayofagia kwa mpito mmoja, ruhusuni warudi. Kama kuna mchanga mwingi unaohitaji mpito wa pili, au kuna watu wa mkono wanaofuata nyuma kusafisha nyavu za mifereji, msiruhusu, kwa sababu gari litakalorudi mapema litaziba kazi ya pili.

---

Tarehe_Kamili

Naomba niingie kwenye kalenda. Mitaa mingi inaandika hivi: upande wa mashariki Jumatatu ya kwanza na ya tatu, upande wa magharibi Jumanne ya kwanza na ya tatu. Kila mtu anaelewa kwamba ni siku mbili zinazofuatana.

Sasa chukua mwezi unaoanza Jumanne. Jumanne ya kwanza ni tarehe 1. Jumatatu ya kwanza ni tarehe 7. Upande wa magharibi unafagiwa siku sita KABLA ya mashariki, na mkazi wa mashariki aliyeona mashine tarehe 1 anadhani zamu yake ilipita jana. Tarehe 7 anakutwa na karatasi ya faini kwenye kioo, na ana haki ya kukasirika.

Pili, mwezi wenye Jumatatu tano. Kutoka Jumatatu ya tatu hadi Jumatatu ya kwanza ya mwezi unaofuata ni siku 14 kama mwezi ulikuwa na Jumatatu nne, lakini ni siku 21 kama zilikuwa tano. Wanaohesabu "kila baada ya wiki mbili" wanaondoa magari siku isiyo na mashine, na wiki inayofuata, ambayo ndiyo yenyewe, wanayaacha.

Tiba yake ni rahisi. Tumieni siku moja ya wiki kwa pande zote: mashariki Jumatatu ya 1 na ya 3, magharibi Jumatatu ya 2 na ya 4. Siku ni ileile, pande hazivukani kamwe, na mkazi akisahau zamu bado anajua kwamba Jumatatu ni ya kuangalia. Jumatatu ya tano ikitokea, iacheni bila marufuku yoyote. Mashine iende kwenye njia kuu au ifanyiwe matengenezo.

Bandikeni pia tarehe zenyewe za miezi mitatu mlangoni pa kila jengo la ghorofa. Tarehe haina tafsiri mbili.

Na siku ya kufagia iwe siku moja baada ya siku ya kuzoa taka za majumbani. Ikiwa siku hiyohiyo, mapipa yanakuwa yamesimama ukingoni na mashine inayakwepa kama inavyokwepa magari. Ikiwa siku moja kabla, taka zinazodondoka wakati wa kuzoa zinakaa hadi zamu ijayo.

---

Kibao_na_Mshale

Nakubaliana na Tarehe_Kamili kuhusu Jumatatu moja. Naongeza ya vibao.

Kibao kinachofanya kazi kina vitu vinne tu: siku, saa ya kuanza, saa ya kuisha, na mshale. Maelezo ya faini na namba za simu yakae kwenye tangazo la karatasi. Dereva anasoma akiwa anatembea, sekunde mbili hazimtoshi kusoma mistari saba.

Mshale ndio unaosababisha malalamiko mengi. Mwanzo wa eneo mshale uelekee ndani, katikati uwe wa pande mbili, mwisho uelekee nyuma. Fundi akikosea akafunga kibao cha mwisho na mshale wa mbele, marufuku inaendelea hadi kona ya barabara nyingine, kisheria. Baada ya kufunga, mtu mmoja atembee mtaa mzima akisoma mishale peke yake.

Umbali: kimoja kila mita 50 hadi 60, na lazima kimoja karibu na kila kona, maana anayeingia kutoka barabara ya pili hajaona cha mwanzo. Urefu: upande wa chini wa kibao uwe mita 2 na kidogo juu ya njia ya miguu, mtu asigonge kichwa. Kagueni matawi. Kibao kilichofunikwa na majani hakiwezi kusimama mbele ya mtu anayepinga faini.

Vibao vya muda vya karatasi ngumu, vinavyofungwa kwenye miti na nguzo, viwekwe angalau saa 24 kabla, na vizuri zaidi saa 48. Pigeni picha kila kimoja siku ya kukifunga, namba ya nyumba ikionekana. Na viondolewe siku hiyohiyo mashine ikimaliza. Karatasi za wiki iliyopita zikibaki kwenye miti, watu wanazoea kutozisoma, na zamu inayofuata hakuna atakayeangalia.

---

Mtaa_Kwanza

Mmeongea vibao na saa, lakini bila faini za kweli yote hayo ni mapambo. Faini kuanzia siku ya kwanza.

---

Ukingo_Safi

@Mtaa_Kwanza hapo napingana nawe, kwa heshima. Zamu mbili za kwanza ziwe za onyo tu: karatasi yenye tarehe ya zamu ijayo kwenye kioo cha kila gari lililobaki. Sababu si huruma. Zamu hizo zinakuonyesha ni magari gani yanabaki kwa kutojua na yapi yana tatizo lingine: gari bovu, mwenye gari amesafiri, mgonjwa, mlemavu asiye na wa kumsogezea. Ukianza na faini unapata rundo la rufaa, na huwezi kutenganisha wabishi na wenye sababu.

Kuanzia zamu ya tatu, sawa, faini ziende. Ila kwa sharti ambalo kwangu halina mjadala: mashine isipokuja, faini zote za muda huo zifutwe, na zifutwe bila mkazi kuomba. Mashine zinaharibika, hilo halikwepeki. Mkazi aliyeamka mapema kuondoa gari na asione mashine, halafu jirani yake akatozwa faini kwa barabara ambayo haikufagiwa, hawezi tena kuamini kibao chochote. Wekeni kumbukumbu ya saa ambayo mashine ilipita kila barabara, na karatasi ya faini iambatane na picha tatu: namba ya gari, kibao kilicho karibu, na gari likiwa ukingoni.

Kuvuta gari kwa brekidauni iwe hatua ya mwisho, na gari lipelekwe barabara ya jirani inayoruhusiwa badala ya yadi ya mbali. Lengo ni ukingo kuwa wazi kwa saa moja. Muhimu ni daftari: gari limetoka wapi, limewekwa wapi, saa ngapi. Bila hilo mwenye gari ataripoti wizi.

---

Mtaa_Kwanza

Hoja ya kutenganisha wabishi na wenye sababu nimeikubali. Zamu mbili za onyo, basi.

---

Brashi_ya_Pembeni

Naandika kuhusu mashine, kwa sababu marufuku nzuri yenye mashine mbovu inarudisha mtaa palepale.

Aina ni tatu. Ya brashi inakokota uchafu kwa brashi kuu hadi kwenye mkanda unaoupandisha kwenye sanduku. Hii inamudu mchanga mzito, changarawe na majani yaliyolowa, lakini inaacha vumbi laini. Ya kufyonza inavuta kwa hewa na inachukua vumbi laini vizuri, ila majani yaliyolowa yanaziba bomba. Ya tatu inapuliza hewa chini upande mmoja na kuivuta upande mwingine, hewa ileile ikizunguka. Inafagia upana wake wote kwa usawa lakini inataka lami isiyo na mashimo, maana kichwa chake kinapaswa kukaa karibu na ardhi. Kwa mtaa wenye miti mingi na lami yenye viraka, anzeni na ya brashi.

Brashi ya pembeni ikaguliwe kila asubuhi. Isiguse chini duara zima. Inainamishwa mbele na kuelekea ukingoni ili iguse kama nusu ya duara, upande wa mbele na wa ukingo, na uchafu usukumwe ndani mbele ya brashi kuu. Ikikandamizwa sana nyaya zinapinda na zinafagia kwa ubavu, zinakatika, na vipande vya waya vinabaki barabarani kutoboa matairi. Ikizungushwa kwa kasi mno inarusha changarawe kwenye njia ya miguu. Brashi kuu nayo ipimwe: iteremshe ikizunguka mahali pamoja bila gari kutembea kwa sekunde kadhaa, kisha inua. Alama iliyobaki kwenye vumbi iwe mstari wa upana ulio sawa, sentimeta 10 hadi 15. Mstari ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, brashi imelala vibaya na itaisha upande mmoja.

Maji: vinyunyizio vinavyotuliza vumbi ndivyo vinavyoamua mashine itasimama lini. Gawanya ujazo wa tangi kwa matumizi. Tangi la lita 900 likitumia lita 10 kwa dakika linaisha kwa dakika 90. Ikiwa marufuku ni ya saa 2, mashine itaenda kujaza maji katikati na ukingo utakaa wazi bure. Ingekuwa bora kundi la barabara lilingane na tangi moja.

Sanduku nalo lina msimu wake. Wakati wa kiangazi mchanga ni mzito ila unachukua nafasi ndogo, kwa hiyo njia nzima inaweza kuingia kwenye mzigo mmoja. Majani yakianza kudondoka sanduku linajaa hewa na majani kabla ya nusu ya njia. Miezi hiyo ongezeni muda wa marufuku au punguzeni barabara. Na wakazi wasifagie majani ya uani kuyasukuma barabarani. Rundo la majani ukingoni linasimamisha mashine, na mvua ikija kabla yake linaziba mfereji.

Kwenye barabara ya mwelekeo mmoja kuna jambo husahaulika: mashine inakwenda na mwelekeo wa magari, kwa hiyo ukingo mmoja utakuwa kushoto na mwingine kulia. Hakikisheni ina brashi pande zote mbili kabla ya kuahidi zamu ya pande zote.

---

Mfereji_Wazi

Naongeza onyo moja. Barabara isiyo na ukingo wa zege wala mfereji uliojengwa, yaani lami inaishia kwenye udongo, haifai kuwekewa marufuku hii. Brashi ya pembeni inachimba udongo na kuuleta juu ya lami. Baada ya mpito barabara inakuwa chafu kuliko mwanzo, na watu waliondoa magari yao kwa ajili ya hilo. Hapo fagio la mkono na beleshi vinatosha hadi ukingo ujengwe.

Ratiba iangalie mvua pia. Zamu yenye faida kubwa kuliko zote ni ile ya kabla ya mvua za kwanza, kwa sababu mchanga na mafuta yaliyokusanyika kwa miezi yanaondoka kabla hayajaingia mferejini. Mkiwa na fedha za zamu chache, ziwekeni hapo.

Na takataka za mashine zisimwagwe uwanja wa jirani wala kupelekwa bustanini. Zina mafuta ya magari na chembechembe za breki na matairi.

---

Mkazi_wa_Kona

Na gari ambalo kweli haliwezi kuondoka? Jirani ana gari limekufa injini, tairi mbili hazina upepo.

---

Mfereji_Wazi

Watu wawili wa mafagio ya mkono watangulie mashine kama dakika 10. Wanavuta uchafu kutoka chini ya gari na ukingoni, wanautandaza kwenye mstari mwembamba nje kidogo ya magurudumu, kiasi cha nusu mita kutoka kwenye gari. Mashine ikipita nje inaokota. Wasiurundike, maana rundo la mchanga linaizidi brashi na nusu yake inabaki. Lori dogo lililolala, tela na mirundo ya kokoto ya ujenzi vinashughulikiwa hivyohivyo, ila kokoto zizungushiwe mbao kwanza, la sivyo brashi inazisambaza mtaa mzima.

Hii ni ya magari mawili matatu. Yakiwa kumi, mashine haina kazi hapo.

---

Tarehe_Kamili

Limebaki swali ambalo wakazi huuliza kwanza na wapangaji hulijibu mwisho: magari yaende wapi?

Hesabuni magari saa ileile ya marufuku, siku ya kawaida, kabla ya kuamua. Saa 12 asubuhi mtaa wa makazi umejaa, saa 4 asubuhi wengi wameshaenda kazini. Tuseme barabara ina nafasi 40, ishirini kila upande, na saa 4 kuna magari 26. Ukifunga upande mmoja, magari 6 hayana pa kukaa. Barabara mbili za jirani zikiwa hazina marufuku siku hiyo, sita hao wanaenea. Ukizifunga zote tatu kwa pamoja, 18 wanatafuta nafasi ambazo hazipo, na wataegesha kwenye njia ya miguu na mbele ya mageti.

Kwa hiyo barabara za kundi moja zisiwe zinazofuatana. Ruka moja: ya 1, ya 3, ya 5 kwenye kundi la kwanza, ya 2, ya 4, ya 6 kwenye la pili. Mashine itatembea zaidi ikiwa imeinua brashi, na Mpima_Njia ataniambia nimemuongezea dakika.

---

Mpima_Njia

Umeniongezea. Kwenye kundi la barabara sita, kuruka moja kunaongeza kama dakika 8 hadi 10 za safari tupu kama vitalu si virefu, kwa hiyo kwenye mfano wangu zile dakika 36 zinakuwa 46. Bado ziko ndani ya saa 1, lakini akiba imeshuka hadi dakika 14. Hapo ningeongeza marufuku hadi saa 1 na robo, na nisingeanza kabla ya saa 3 na nusu asubuhi, wanaokwenda kazini wakiwa wameshaondoka na magari yao.